Mizani ya Sikio na Mizani ya Karatasi

Mwanafunzi aanzapo somo la ushairi hukutana kwanza na majina: ubeti, mshororo, kina, mizani, kituo. Huyakariri kama akaririvyo majina ya mito na milima, na siku ya mtihani huyarudisha kama alivyoyapokea. Ni mara chache kuuliza majina hayo yalitiwa kitabuni na nani, na kwa haja gani. Yafaa aulize, kwani asiyejua asili ya sheria ama huitii kama mtumwa ama huivunja kama mlevi.

Ushairi wa Kiswahili una umri mkubwa kuliko vitabu vya kuufundishia. Utenzi wa Tambuka, uliotungwa Pate mwaka 1728 na Mwengo wa Athumani, umejengwa kwa beti za mishororo minne mifupi yenye mizani 8. Mishororo mitatu ya kwanza hulingana kwa kina, na wa nne hubeba kina kimoja kinachofululiza tangu ubeti wa kwanza hata wa mwisho. Baadaye Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu na mwaka 1840, alilitumia shairi la mishororo minne ya mizani 16 kusemea siasa za mji wake, mapenzi, na shida za kila siku. Mashairi hayo yalighaniwa mbele ya watu, na sikio la msikilizaji ndilo lililokuwa hakimu. Kijana alijifunza kwa kusikia, kuiga na kusahihishwa.

Asili hiyo ya sikio yaonekana hata leo tuhesabupo mizani. Maneno "mbuzi" na "mgeni" yote yaanza kwa herufi m. Lakini "mbuzi" lina mizani 2, mbu-zi, na "mgeni" lina mizani 3, m-ge-ni. Jicho halioni sababu. Mdomo waijua, kwa kuwa m ya "mgeni" hutamkwa peke yake ikawa silabi kamili. Basi mizani si hesabu ya herufi, bali ni hesabu ya mapigo ya sauti.

Mwaka 1954 jambo jipya lilitokea. Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, alitoa kitabu chake Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Yafaa tutazame alikotoka mtunzi huyo: si Lamu wala Mombasa, bali pwani ya Ziwa Tanganyika. Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuenea bara, na magazeti yalikuwa yakichapa mashairi ya watunzi wasioonana kwa macho. Mtu wa mbali na malenga wa pwani angejifunza kwa nani? Sheria zilizokaa masikioni hazina budi kuandikwa pale wanafunzi wanapokuwa wengi na walimu wachache. Kwa maoni yangu, kitabu kile kilikuwa mlango wa kuingilia, japo baadaye wengine walikifanya ukuta.

Mlango huo ulipitwa na wengi. Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma, alilichukua shairi la majibizano akalikuza kuwa ngonjera, ambamo wahusika hushindana kwa hoja hadi wakafikia mwafaka. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, ngonjera zilisikika katika shule na mikutano nchini Tanzania.

Kisha likaja shindano la fikra. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alichapisha Kichomi, diwani yenye mashairi yasiyofuata vina na mizani. Wako waliosema kwamba hayo si mashairi kabisa. Wengine, miongoni mwao Mulokozi na Kahigi katika Kunga za Ushairi na Diwani Yetu, walishikilia kuwa vina na mizani si roho ya ushairi. Lakini haifai kudhani kwamba sheria ni pingu tu. Abdilatif Abdalla alifungwa gerezani nchini Kenya kwa sababu za kisiasa hadi mwaka 1972, na humo alitunga mashairi ya Sauti ya Dhiki, yaliyochapishwa mwaka 1973. Mengi yao yafuata kanuni za jadi barabara, na uchungu wake haukupungua hata chembe.

Kwa hiyo mwalimu afundishe nini? Afundishe kila kipengele pamoja na kazi yake. Tuchukue mshororo huu wa mfano: "Mwalimu katangulia, nasi tuko nyuma yake." Kila kipande kina mizani 8. Lau tungesema "ametangulia", kipande cha kwanza kingefika 9. Ndipo mtunzi akatumia inkisari, yaani kufupisha neno. Mwanafunzi akiona haja hiyo, hatalisahau jina la mbinu. Vivyo hivyo tashbihi, sitiari na tashihisi. Haitoshi kusema, "Hapa pana sitiari." Sharti aulizwe: mtunzi angalisema wazi, ni kitu gani kingalipotea?

Tena shairi lisomwe kwa sauti kabla halijachambuliwa, na ikiwezekana lighaniwe. Darasa linalohesabu mizani kwa kalamu peke yake limekirithi kitabu cha 1954, lakini limeupoteza urithi uliokitangulia. Wahenga walisema, mwacha mila ni mtumwa. Nasi tuongeze kwamba ashikaye mila bila kuielewa hajawa huru bado. Kijana ajuaye kwa nini kina kimewekwa mahali pake ndiye awezaye kukitumia, na ndiye mwenye haki ya kukiacha.