Mchezo Ulionyimwa Jukwaa

Waandishi wa historia ya michezo ya kuigiza aghalabu huwataja watunzi, waongozaji na waigizaji mashuhuri. Watazamaji huwapitia upesi, kana kwamba kazi yao ni kulipa kiingilio, kuketi na kupiga makofi. Lakini uko usiku mmoja katika historia ya mji wa New York usioweza kuelezwa bila ya kuwataja watazamaji. Usiku huo ni wa tarehe 16 Juni, 1937. Mchezo wa nyimbo ulioandaliwa kwa miezi kadhaa ulifungiwa mlango. Ukaimbwa mahali pengine bila mavazi, bila mapambo na bila bendi, kwa piano moja. Nao waliokuja kutazama wakajikuta wamo ndani ya mchezo wenyewe.

Ili kuyafahamu mambo ya usiku ule, yatupasa kwanza kuitazama hali ya Marekani ya miaka hiyo. Baada ya mwaka wa 1929 biashara ya nchi ile ilianguka. Viwanda vilifungwa, mabenki yakafilisika, na mamilioni ya watu wakakosa kazi. Waigizaji na wanamuziki hawakusalimika. Sinema zenye sauti zilikuwa zimekwisha kuwanyang'anya wengi riziki yao, na sasa hata wapenda michezo hawakuwa na fedha za kiingilio. Katika mwaka wa 1935 serikali ya Rais Franklin Roosevelt ilianzisha shirika la kuwaajiri wasio na kazi. Wengi wao walijenga barabara, madaraja na shule. Lakini shirika lilikuwa pia na tawi la michezo ya kuigiza, lililoongozwa na mwalimu wa chuo, Bibi Hallie Flanagan. Mwigizaji aliyekuwa akipanga foleni ya chakula cha sadaka sasa alipata ujira mdogo, dola 23 na senti 86 kwa juma. Na watu wasiopata kuona mchezo maishani mwao wakauona kwa kiingilio kidogo, au bure.

Katika tawi la New York walikuwamo vijana wawili wenye kipaji na ujasiri. Mmoja ni Orson Welles, mwongozaji, ambaye umri wake ulikuwa miaka 22 tu. Wa pili ni John Houseman, mtayarishaji. Mwaka wa 1936, katika mtaa wa Harlem, walikuwa wamekwisha kuonyesha Macbeth ya Shakespeare kwa waigizaji weusi watupu, na jina lao likavuma. Baada ya hapo wakapewa jumba la Maxine Elliott, katika Mtaa wa 39, nao wakachagua mchezo mpya wa mtunzi Marc Blitzstein uitwao The Cradle Will Rock, maana yake, Susu Litayumba.

Hadithi ya mchezo huo ni ya mji wa kubuni uitwao Steeltown, mji wa kiwanda cha chuma. Tajiri mmoja, Mr. Mister, ameutia mji wote mfukoni mwake. Mhubiri, mhariri wa gazeti, daktari, mwalimu wa chuo na wasanii, kila mmoja amekubali fedha au upendeleo wake, na kila mmoja ameuza kitu ambacho hakikupasa kuuzwa. Mchezo unaanza kwa mwanamke maskini auzaye mwili wake barabarani kwa sababu ya njaa. Na swali linaloulizwa ni hili: kati yake na mabwana wale waheshimiwa, nani hasa amejiuza? Mbele ya tajiri anasimama Larry Foreman, mfanyakazi anayewakusanya wenzake katika chama.

Maneno hayo hayakuwa ya kubuni tu kwa watu wa mwaka wa 1937. Mnamo Mei mwaka huo wafanyakazi wa makampuni kadhaa ya chuma waligoma, wakidai chama chao kitambuliwe. Tarehe 30 Mei, huko Chicago, polisi waliwafyatulia risasi waandamanaji karibu na kiwanda kimoja, na watu 10 wakafa. Mchezo wa nyimbo kuhusu mgomo wa chuma, uliolipiwa na fedha za serikali, ulikuwa ukitarajiwa kufunguliwa majuma mawili na ushei baada ya risasi zile.

Siku chache kabla ya kufunguliwa, amri ilitoka Washington: mchezo wowote mpya, muziki wowote mpya, na maonyesho yoyote mapya ya picha yasifunguliwe kabla ya tarehe 1 Julai. Sababu iliyotajwa ilikuwa kupunguzwa kwa fedha. Hapa mwanafunzi wa historia apime kwa uangalifu. Ni kweli kwamba fedha zilikuwa zikipunguzwa, na wafanyakazi wengi wa tawi la New York walikuwa wakiachishwa kazi. Tena amri haikuutaja mchezo huu kwa jina. Lakini Bibi Flanagan mwenyewe aliiona amri hiyo kuwa ni kuziba watu midomo kwa njia ya mzunguko, na wengi waliamini hivyo. Yamkini sababu zote mbili zilikuwa na ukweli. Serikali haikosi kuwa na hesabu, na hesabu haikosi kuwa na matumizi mengine.

Walinzi wakawekwa katika jumba la Maxine Elliott. Mavazi, mapambo na majukwaa madogo ya vioo yenye taa, yote yakafungiwa ndani. Welles na Houseman wakaazimia kutafuta jumba jingine. Ndipo walipokuta kizuizi cha pili, nacho kilitoka kwa wenzao. Chama cha waigizaji kiliamuru kwamba wanachama wake, kwa kuwa wameajiriwa na serikali, wasipande jukwaa la mwajiri mwingine pasipo idhini. Chama cha wanamuziki nacho kikadai malipo ambayo hawakuwa nayo. Hivyo mchezo wa kuvisifu vyama vya wafanyakazi ulizuiwa na kanuni za vyama vya wafanyakazi.

Lakini kanuni ina mipaka yake kama ukuta wowote. Waigizaji walikatazwa kupanda jukwaani. Hawakukatazwa kununua tikiti, kuketi kati ya watu, na kusimama mahali walipoketi. Blitzstein, mtunzi mwenyewe, angeweza kupanda jukwaani peke yake na kupiga piano. Msaidizi mmoja kijana, Jean Rosenthal, alitumwa kutafuta piano, akazunguka mjini nayo juu ya lori, kwa kuwa hakuna aliyejua bado itapelekwa wapi. Mchana ukapita. Jua lilikuwa linaelekea kutua lilipopatikana jumba la Venice, katika Barabara ya Saba, yapata maili moja kutoka pale.

Wakati huo watu walikuwa wamekwisha kukusanyika mbele ya jumba lililofungwa. Walikuwa na tikiti mkononi na mlango wa kufuli mbele yao. Watu wa namna hiyo kwa kawaida hunung'unika, hudai fedha zao, kisha hurudi nyumbani. Hawa hawakurudi. Baadhi ya waigizaji walitoka nje wakawaimbia pale pale njiani ili wasitawanyike. Kisha wakaambiwa waende Venice, nao wakaenda, wengi wao kwa miguu, wakipanda kuelekea kaskazini ya mji, na wapita njia wakajiunga nao. Jumba la Venice lilikuwa kubwa kuliko lile la kwanza, lenye viti yapata 1,700. Nalo likajaa hata watu wengine wakasimama kando ya kuta. Houseman alisimulia baadaye kwamba katika jumba hilo ilitundikwa bendera ya Italia, nchi iliyokuwa wakati ule chini ya Mussolini, na kwamba iliteremshwa huku watu wakishangilia. Mchezo ulikuwa haujaanza, na tayari watazamaji wamekwisha kusema neno lao.

Ilipata saa tatu na dakika chache usiku pazia lilipofunguliwa. Juu ya jukwaa pana lililo tupu alionekana mtu mmoja ameketi mbele ya piano. Welles akaeleza hadithi kwa maneno machache. Blitzstein akatangaza mahali pa onyesho la kwanza, akaanza kupiga, na kuimba wimbo wa yule mwanamke maskini. Hakujua kama kutakuwa na sauti nyingine yoyote usiku ule zaidi ya yake. Hakuna aliyeamrishwa kuimba, wala aliyeahidi.

Mara ikasikika sauti nyembamba ya kike ikiufuata wimbo. Taa ikageuzwa kutoka jukwaani, ikatafuta gizani, ikamkuta Olive Stanton amesimama katika kibanda cha watazamaji upande wa kushoto. Alikuwa kijana asiyejulikana na watu, aliyeutegemea ule ujira wa kila juma. Na kwa kusimama pale alikuwa akiuhatarisha. Aliimba akitetemeka, lakini hakuketi. Blitzstein akanyamaza, akaiacha sauti yake ichukue wimbo. Kisha mwanamume mmoja akasimama upande mwingine, akamjibu. Akasimama wa tatu, na wa nne. Watu wakageuza shingo huku na huku kuitafuta kila sauti mpya. Jirani aliyeketi kimya kando ya mtu, mara akainuka akawa mmoja wa watu wa mchezo. Mpiga kodiani mmoja akaisaidia piano kutoka mahali alipokuwa. Waigizaji wengine hawakuja. Walikuwa na watoto wa kulisha na kodi ya kulipa, nasi hatuna haki ya kuwalaumu. Sehemu zao aliziimba Blitzstein mwenyewe.

Je, watazamaji waliona nini hata wakasisimka kiasi kile? Hawakuona fahari, maana fahari ilifungiwa katika Mtaa wa 39. Hawakusikia bendi. Waliona mambo mawili kwa pamoja. Kwanza waliona hadithi ya watu wanaoulizwa kama wataogopa au watasimama. Pili waliona watu halisi, wenye mshahara halisi wa kupoteza, wakiulizwa swali lilo hilo, na kulijibu kwa miguu yao. Mwigizaji aliposimama, hakuna aliyeweza kusema kwa hakika ni wapi mchezo unakoma na maisha yanaanzia. Sisi tuliokulia penye ngoma twalielewa jambo hilo upesi, kwa kuwa katika ngoma mwitikiaji ni sehemu ya wimbo. Kwa watu wa New York, waliozoea kutengwa na waigizaji kwa pazia na taa, ilikuwa kama ukuta umeanguka. Nyimbo zilipokwisha, jumba zima lilivuma kwa makofi na vifijo. Mshairi Archibald MacLeish alipoandika dibaji ya kitabu cha mchezo huo, kilichochapwa mwaka wa 1938, alitia mkazo juu ya hao watazamaji.

Matokeo ya usiku ule yalikuwa ya namna mbili. Kwa upande wa sanaa, waongozaji walijifunza kwamba mchezo haukupungukiwa na kitu kwa kukosa mapambo. Ukarudiwa kwa majuma mawili katika jumba la Venice. Na uliporudishwa mwaka wa 1938 ulionyeshwa zaidi ya mara 100, Blitzstein akiwa tena kwenye piano yake. Mwaka wa 1939 mwanafunzi mmoja wa Chuo cha Harvard, Leonard Bernstein, aliuonyesha kwa namna hiyo hiyo, mtunzi akiwapo. Na mwaka wa 1947 Bernstein, sasa mwanamuziki mwenye sifa, aliuongoza kwa namna ya tamasha katika mji wa New York. Shida ya usiku mmoja ikawa desturi.

Kwa upande wa siasa mambo yalikuwa mengine. Makofi hayakuibatilisha amri. Houseman na Welles waliondoka katika kazi ya serikali mwaka ule ule, wakaanzisha kampuni yao wenyewe, Mercury. Lakini Olive Stanton na wenziwe hawakuwa na jina la kuwafungulia milango mingine, walilitegemea shirika. Na mnamo Juni 1939 Bunge la Marekani liliinyima michezo hiyo fedha, na tawi zima likafungwa. Maelfu ya watu wakarudi kutafuta kazi.

Basi haitupasi kuusifu usiku ule kupita kiasi, wala kuudharau. Haukumwokoa mtu na njaa. Lakini wenye amri walidhani kwamba mchezo ni mavazi, vioo, taa na mlango wenye ufunguo. Wakavishika vyote hivyo, na mchezo wenyewe ukawaponyoka. Ulikuwa umekaa katika sauti za watu waliothubutu kusimama, na katika masikio ya watu waliokubali kutembea maili moja ili wawasikie. Kama watazamaji wale wangalirudi nyumbani jioni ile, kila mmoja na tikiti yake, amri ingalitimizwa kikamilifu, nasi leo tusingalikuwa na la kusimulia.