Mtambo uzimwe lini? Ugomvi wa miaka 80 kuhusu matengenezo kinga

Aprili 26, 2026 ni miaka 40 kamili tangu kinu namba 4 cha kituo cha nyuklia cha Chernobyl, Ukraine, kilipolipuka. Masimulizi ya usiku ule yamejaa mionzi, wazimamoto na siri za dola ya Kisovieti. Jambo moja hutajwa kwa haraka mno: kinu kile kilikuwa kinazimwa ili kikafanyiwe matengenezo yake ya kawaida.

Mafundi walianza kupunguza nguvu yake saa saba usiku wa kuamkia Aprili 25. Kwenye ratiba hiyo ya kuzima lilipachikwa jaribio: kupima iwapo turbini iliyokatiwa mvuke, ikiendelea kuzunguka kwa msukumo wake, ingeweza kuendesha pampu za maji hadi jenereta za dizeli ziwake. Ilipofika saa nane mchana, msimamizi wa gridi huko Kyiv akaomba wasubiri, umeme ulikuwa bado unahitajika. Ruhusa ya kuendelea ilikuja saa tano usiku, na jaribio likaangukia mikononi mwa zamu ya usiku. Mlipuko ulitokea saa saba na dakika 23.

Ripoti ya kwanza ya kimataifa, ya 1986, iliwabebesha waendeshaji lawama. Ya 1992 ikageuza kibao na kuutazama zaidi ubovu wa usanifu wa kinu chenyewe. Ratiba iliyosogezwa mbele kwa saa tisa, hata hivyo, imo katika masimulizi yote mawili.

Je, mtambo unaofanya kazi vizuri uzimwe lini ili ufunguliwe? Jibu la mwanzo la viwanda na majeshi lilikuwa la kuhesabu saa. Zikitimia, fungua, kagua, badilisha, funga. Aliyelitikisa jibu hilo hakuwa mhandisi. Alikuwa mwanabiolojia aliyezoea viinitete vya kuku.

Mwaka 1941, kamandi ya jeshi la anga la Uingereza iliyokuwa ikiwinda nyambizi za Wajerumani katika Bahari ya Atlantiki iliunda kikosi cha wanasayansi. Mkuu wake wa kwanza alikuwa mwanafizikia Patrick Blackett, aliyekuja kutunukiwa Nobel mwaka 1948. Humo walikuwamo Conrad Hal Waddington, mwanabiolojia tuliyemtaja, na Cecil Gordon, mtaalamu wa jenetiki. Bila shaka mafundi wa karakana walijiuliza watu hawa wa kuku na nzi wa matunda wanatafuta nini kwenye ndege.

Walichokuta ni hiki. Kila kituo kilitakiwa kuwa na sehemu kubwa ya ndege zake tayari kuruka wakati wowote. Makamanda walijivunia takwimu hiyo, na kwa masikio ya kijeshi inapendeza kweli. Gordon aliiona kinyume. Ndege iliyo tayari lakini imesimama uwanjani haioni nyambizi hata moja. Ukitaka nyingi ziwe tayari, dawa rahisi ni kuzirusha kidogo. Kikwazo halisi, kwa hesabu zake, kilikuwa saa za kazi za mafundi, na saa hizo zilipotea kila safari zilipopungua na karakana ikakosa ndege ya kushughulikia. Akapendekeza safari zipangwe kulingana na uwezo wa karakana, ili karakana isikae bure, hata kama maana yake ni ndege nyingi zaidi kuonekana mbovu kwa wakati mmoja. Ilikuwa hoja ngumu kumeza kwa kamanda aliyeulizwa kila asubuhi ana ndege ngapi nzima.

La pili liliudhi zaidi. Ndege zilikaguliwa kila baada ya saa 50 za kuruka. Kwa mantiki ya ratiba hiyo, hitilafu zilipaswa kuwa chache mara baada ya ukaguzi, kisha ziongezeke taratibu kadiri ukaguzi mwingine unavyokaribia. Waddington na wenzake walipochora takwimu, mstari uliteremka badala ya kupanda. Hitilafu zilikuwa nyingi zaidi mara tu ndege ilipotoka kwa mafundi, kisha zikapungua. Ukaguzi wenyewe ulikuwa ukileta madhara, kwa kuvuruga kitu kilichokuwa kimetulia.

Dereva yeyote aliyechukua gari gereji likiwa zima na kulirudisha nyumbani likiwa na mlio mpya hahitaji grafu kuelewa. Kila bolti inayofunguliwa lazima ifungwe tena, na mkono wa binadamu huchoka.

Ratiba zikapangwa upya, na kwa maelezo ya Waddington mwenyewe saa za kuruka ziliongezeka kwa takriban asilimia 60. Ni mavuno makubwa kwa jeshi ambalo halikununua hata ndege moja ya ziada. Malipo ya kazi hiyo yakawa kufungiwa kwenye kabati la siri. Kitabu cha Waddington kuihusu kilichapishwa mwaka 1973 tu, miaka miwili kabla ya kufa kwake, na kwa muda wote huo viwanda viliendelea kufungua mashine kwa kutazama kalenda.

Mashirika ya ndege ya Marekani yalifika palepale kwa njia yao. Stanley Nowlan na Howard Heap wa United Airlines, katika ripoti yao ya 1978, walionyesha kwamba asilimia 89 ya vifaa walivyochunguza havikunufaika na kuwekewa ukomo wa umri wa kazi. Ndege aina ya DC-8 ilikuwa na vifaa 339 vya kushushwa na kufanyiwa oveholi kwa ratiba. DC-10, iliyopangiwa kwa fikra mpya, ilikuwa na saba. Wajapani nao, kuanzia mwaka 1971, wakampa mwendesha mashine sehemu ya kazi ya fundi.

Mafunzo hayo hayakusambaa sawasawa. Julai 6, 1988, kwenye jukwaa la mafuta la Piper Alpha katika Bahari ya Kaskazini, pampu iliyokuwa imetolewa vali yake ya usalama kwa matengenezo iliwashwa na zamu isiyojua. Uzalishaji ulikuwa ukiendelea huku matengenezo yakifanyika. Watu 167 walikufa.

Afrika Mashariki, baadhi ya viwanda havijahitaji mwanabiolojia wa kuvipangia. Kwenye viwanda vya sukari vya Kilombero na Mtibwa, masika huamua: mvua ikikolea malori hayaingii mashambani, miwa haiji, na miezi hiyo ndiyo ya kushusha roli za kukamulia na kusafisha boila. Kwenye saruji mambo ni mengine. Tanuri linalochoma malighafi kwa nyuzi 1,450 za Selsiasi haliwezi kuzimwa ghafla, maana likipoa bila kuzungushwa hupinda. Siku matofali yake ya ndani yanapolika, kila kazi nyingine kiwandani hujipanga nyuma ya kazi hiyo.

Kwenye umeme, wananchi wa Tanzania wanajua matengenezo kinga kama tangazo la kukatiwa Jumamosi. Lawama za kukatiwa zinaeleweka, ila matengenezo yenyewe hayajatendewa haki. Uzinduzi wa mtambo mpya una utepe, mgeni rasmi na ngoma. Oveholi ya mtambo wa zamani haina hata mpiga picha, na bajeti yake ndiyo ya kwanza kupunguzwa fedha zikibana. Kidatu, kituo kilichoanza kazi mwaka 1975, kina megawati 204 kwa mitambo yake yote minne. Kwenye Bwawa la Julius Nyerere, turbini moja kati ya tisa ni megawati 235. Kuizima hiyo moja kwa huduma ni zaidi ya kuzima Kidatu nzima, na anayepanga wiki ya kuifungua anatakiwa kuangalia kwa pamoja kina cha Mto Rufiji, visima vya gesi na mahitaji ya jioni ya Dar es Salaam. Ratiba kama hiyo ingestahili kutangazwa mwaka mzima kabla, pamoja na jina la atakayewajibika ikisogezwa.