Usalama majini: Watoto hufundishwa kuelea kabla ya kuogelea

Meli inapozama taifa zima huomboleza. Mv Bukoba mwaka 1996, Mv Spice Islander kati ya Unguja na Pemba mwaka 2011 na Mv Nyerere katika Ziwa Victoria mwaka 2018 ni majina yasiyosahaulika. Lakini mtoto anayetumbukia katika shimo la mchanga lililojaa maji ya mvua huzikwa kimya kimya. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, takriban robo yao wakiwa watoto wa chini ya miaka mitano.

Hao wadogo hulindwa kwa uangalizi wa mtu mzima na kisima chenye mfuniko. Kwa wenye umri wa kwenda shule, WHO inashauri wafundishwe kuogelea, tahadhari za majini na namna ya kuokoa bila kujihatarisha.

Wengi hudhani somo hilo ni la mashindano ya bwawani. Sivyo. Mwanafunzi huanza katika maji yasiyozidi kifua, chini ya usimamizi, kwa kutumbukiza uso na kutoa pumzi. Kisha hulala chali, masikio ndani ya maji, kidevu juu, mikono imetanuliwa. Mapafu yaliyojaa hewa humwelesha. Anayeinua mikono juu kwa hofu hukididimiza kichwa chake mwenyewe. Akishatulia, ndipo hufundishwa kugeuka na kupiga miguu hadi ukingoni.

Huko Nungwi, kaskazini mwa Unguja, Mradi wa Panje ulionyesha kuwa kuishi pwani si kujua kuogelea. Wasichana wengi walikua jirani na bahari bila kujifunza, kwa kuwa kuogelea kulihesabiwa kuwa jambo la wavulana na mavazi yake hayakuafiki maadili. Mradi ukatumia mavazi yanayositiri mwili wote. Picha za mafunzo hayo, zilizopigwa na Anna Boyiazis, zilipata tuzo ya World Press Photo mwaka 2018.

Sehemu ngumu kuliko zote ni uokoaji, maana moyo wa mtoto humtuma kujitupa majini kumfuata mwenziwe, na msiba wa mmoja huwa wa wawili. Hufundishwa kuita watu wazima, kulala kifudifudi ukingoni na kunyoosha fimbo au kanga, au kurusha dumu tupu lililofungwa kamba, bila kuingia. Huelezwa pia kwamba anayezama mara nyingi hapigi kelele: mdomo ukitokeza juu ya maji, nafasi iliyopo ni ya kuvuta pumzi tu. Sehemu hii haihitaji bwawa. Shule yenye kamba, dumu na uwanja mkavu inaweza kuifundisha.