Septemba Iliyokataa Kwisha

Kila Septemba ilikuwa yale yale. Vyuo vikuu vya Marekani vilifungua mwaka, wanafunzi wapya wakapewa akaunti za kompyuta, na baada ya siku chache mabaraza ya Usenet yakafurika maswali yaliyokwisha kujibiwa mara nyingi. Wakongwe waling'aka, wageni wakajifunza adabu za mahali, na baada ya wiki kadhaa hali ikatulia.

Usenet ilibuniwa mwaka 1979 na Tom Truscott na Jim Ellis, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duke, ikaanza kazi mwaka 1980. Kompyuta zilipigiana simu na kupokezana ujumbe, na ujumbe ukapangwa katika mabaraza kwa mada. Watengenezaji programu walikuwa miongoni mwa wakazi wake wa mwanzo.

Tazama lugha ya C. Baraza lake kuu lilikuwa comp.lang.c, na hata Dennis Ritchie, aliyeibuni lugha yenyewe, alikuwa akipita humo na kujibu. Waliotaka kubishana juu ya vifungu vya kiwango rasmi walikuwa na comp.std.c. Wanafunzi nao wakapata lao, alt.comp.lang.learn.c-c++. Mwaka 1990 Steve Summit alianza kukusanya maswali ya kila siku pamoja na majibu yake. Kazi hiyo ikanenepa hata ikachapishwa kuwa kitabu mwaka 1995.

Mgao huo wa mabaraza ulivutia kwenye karatasi. Kasoro yake ni kwamba ulimdai mgeni ujuzi ambao hana. Chukua swali ambalo kila anayejifunza C hulifikia: nitasomaje herufi moja kutoka kwenye kibodi bila kumsubiri mtumiaji abonyeze Enter? Kwa mwanafunzi, hilo ni swali la C. Kwa mkongwe ni swali la mfumo endeshi, kwa hiyo si la hapa, peleka kwingine. Mwanafunzi angejuaje? Na aliyeandika void main badala ya int main alikemewa kabla swali lake halijaguswa, ingawa mara nyingi alikuwa amenakili tu kutoka kitabu cha kiada.

Hata hivyo nawatetea wale wakali kidogo. Barazani kwao jibu bovu halikuishi saa nyingi bila kusahihishwa. Mabaraza ya wanagenzi yaliyoachwa na wajuzi yaliishia kuwa kipofu kumwongoza kipofu: anayeuliza leo anajibiwa na aliyeanza juzi. Watu wa lugha ya Python walilikwepa hilo kwa orodha yao ya barua pepe iliyoitwa Tutor. Humo wazoefu kama Alan Gauld, mwandishi wa vitabu vya programu, waliingia kwa hiari na kukaa miaka mingi, wakijibu maswali ya vitanzi na mabano bila kununa. Wabunifu wa lugha waliendelea na mijadala yao kwenye python-dev.

Kati ya 1993 na 1994 kampuni za kibiashara, AOL ikiwemo, ziliwafungulia wateja wao Usenet. Wageni sasa walikuja kila siku, wengi kuliko wenyeji walioweza kuwafunza. Wakongwe wakaubatiza wakati huo Septemba isiyokwisha, na wengi wao wakahama kimyakimya.

Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya programu iliyoanzishwa na Jeff Atwood na Joel Spolsky mwaka 2008, ilikataa mgao wa vyumba kabisa. Wote mahali pamoja, kura ziamue. Jawabu likapatikana upesi kwa mamilioni ya wasomaji, lakini anayeuliza mara ya kwanza aliona swali lake likifungwa kwa kuwa limekwisha kuulizwa. Mwaka 2018 kampuni yenyewe ilikiri hadharani kwamba wageni wengi wanapaona mahali hapo hapana ukarimu. Miaka minne baadaye, Novemba 2022, ChatGPT ilifunguliwa, na maswali mapya ya Stack Overflow yakaporomoka. Wanagenzi sasa wanaiuliza mashine, ambayo hainung'uniki wala haimpeleki mtu kwingine, na wakongwe wengi wamebaki na utulivu walioudai tangu enzi za Usenet.