Miaka Saba na Siku Tatu

Mwaka 2001 nilikuwa nikilala sebuleni kwa dada yangu, Muscat. Nilikuwa nimetoka Unguja kwa mkataba wa miaka miwili wa kuhesabu mizigo ghalani, na chumba cha ziada hakikuwapo. Sebule ile ilikuwa na wenyewe wawili: mimi, na mpwa wangu wa miaka kumi pamoja na mashine yake ya Nintendo 64 aliyoletewa na baba yake kutoka Dubai. Kaseti za michezo alikuwa nazo mbili tu, zote za mfululizo mmoja uitwao The Legend of Zelda. Moja ilikuwa Ocarina of Time, ya pili Majora's Mask. Basi kila usiku, nitake nisitake, niliitazama michezo hiyo mpaka dada alipopiga kelele kutoka chumbani kwamba kesho kuna skuli.

Waliocheza michezo hii miwili wanabishana hadi leo upi ni bora, na sisi wawili tulibishana vilevile. Mimi nilishika wa kwanza, mtoto alishika wa pili. Kwa kuwa mimi ndiye mtu mzima, nilijiona nimeshinda. Sikushinda. Lakini ili msomaji aelewe kwa nini, hana budi kujua kwanza jinsi michezo yenyewe ilivyozaliwa, kwani ingawa mama yao ni mmoja, mmoja alizaliwa katika neema na mwingine katika dhiki.

Mfululizo ulianza Japani tarehe 21 Februari 1986, katika kampuni ya Nintendo yenye makao yake Kyoto. Shigeru Miyamoto, mmoja wa walioubuni, amesimulia mara nyingi jinsi alivyokuwa mtoto akizurura vilimani na mapangoni karibu na kwao Sonobe, na jinsi alivyotaka kumpa mchezaji ile furaha ya kufika mahali asipopajua. Kisa chenyewe si kigeni kwetu tuliolelewa na hadithi za mabibi. Yupo kijana asiye na wazazi, jina lake Link. Yupo binti wa mfalme, Zelda. Na lipo zimwi linalotaka kuila nchi. Ukisema paukwa, hata mtoto wa Kijapani angejibu pakawa.

Ocarina of Time ilitoka tarehe 21 Novemba 1998. Kabla yake, ulimwengu wa Zelda ulionekana bapa kama ramani iliyotandazwa mezani. Sasa kwa mara ya kwanza ulikuwa na kina: mtu aliweza kuuzunguka mti akaona na upande wake wa nyuma, akapanda farasi, akatazama mlima ulio mbali na kujua kwamba atafika. Kazi hiyo iliichukua Nintendo zaidi ya miaka miwili, waongozaji wakiwa kadhaa chini ya usimamizi wa Miyamoto, na kaseti ikawa ya megabaiti 32, kubwa kuliko zote ambazo kampuni ilikuwa imetoa mpaka wakati huo. Hawakunyimwa kitu.

Shida yao kubwa ilikuwa vita. Katika dunia yenye kina, mpiganaji akigeuka kidogo tu adui humtoweka machoni, na upanga unakata hewa. Dawa yake waliipata mahali pa ajabu. Siku moja ya joto, baadhi ya waundaji walikwenda kutembea katika kijiji cha filamu cha kampuni ya Toei, huko huko Kyoto, wakaingia kutazama maonyesho ya vita vya ninja, zaidi kwa ajili ya kupata baridi ya ukumbini. Wakaona mambo mawili. Kwanza, mpiganaji aliyefungwa kwa mnyororo wa mundu alibaki akimzunguka mwenzake bila kumpoteza. Pili, maadui walikuwa wengi, lakini walishambulia mmoja mmoja, wengine wakingoja zamu kwa adabu. Kutokana na hayo wakabuni kitufe cha kumkazia adui macho: ukikibonyeza, jicho na mwili wa Link hufungamana na huyo mmoja, naye kijini kidogo chenye mabawa, Navi, hurukaruka juu yake kukuonyesha ni yupi. Michezo mingi ya upanga iliyokuja baadaye imekula katika sahani hiyo hiyo.

Lakini kilichonifunga mimi kwenye zulia la dada yangu si upanga. Ni ile miaka saba. Katikati ya mchezo, Link, akiwa bado mtoto, anauchomoa upanga mtakatifu kutoka jiweni, anapitiwa na usingizi, na akiamka ni kijana wa makamo ya kuoa. Miaka saba imepita. Anatoka nje kwenda sokoni, kule alikowaacha watu wakicheza ngoma na mbwa wakifukuzana, anakuta magofu na maiti zinazosimama. Shamba la farasi limechukuliwa na mtumishi mchungu wa roho. Mtu aliyekaa ugenini na kurudi kwao anaijua safari hiyo hata kama hajawahi kushika mashine yoyote.

Hata hivyo miaka saba hiyo ina huruma yake. Zimwi limekwisha kuitwaa nchi, lakini sasa linakungoja. Unaweza kwenda ziwani ukavua samaki mpaka ushibe, ukarudi, usikute limeongeza dhuluma hata moja. Upanga ukiurudisha jiweni unakuwa mtoto tena, ukiuchomoa, mkubwa. Wakati ni mlango, na ufunguo uko mfukoni mwako. Jambo hilo lilinipendeza mno. Jarida la Famitsu la Japani liliupa mchezo alama 40 kwa 40, nao ulikuwa wa kwanza kuzipata. Na ziliuzwa kaseti zaidi ya milioni 7.

Sasa tuje kwa mdogo mtu. Baada ya ushindi ule, Nintendo ilitaka kuvuna mara ya pili shamba lile lile: itolewe Ocarina nyingine, yenye hekalu zilizopangwa upya. Eiji Aonuma, ambaye ndiye aliyekuwa amezibuni hekalu hizo, hakuwa na hamu ya kukivuruga alichokwisha kukipanga. (Wale waliokwama katika hekalu la maji, wakivua na kuvaa viatu vya chuma mara mia, pengine watasema lilistahili kuvurugwa.) Akaomba aruhusiwe kutengeneza mchezo mpya kabisa. Miyamoto akamkubalia kwa sharti: uwe tayari kwa mwaka mmoja hivi.

Mwaka mmoja haukutosha kujenga nchi. Basi walifanya kama afanyavyo mama mwenye wageni wengi na unga kidogo. Sura za watu walizichukua katika mchezo wa kwanza, wakazipa majina na maisha mengine. Yule msichana wa kuku, kwa mfano, akawa Anju, mwenye nyumba ya wageni. Mahekalu makubwa wakajenga manne tu. Naye Yoshiaki Koizumi, aliyekuwa akifikiria mchezo mwingine ambao wakati wake ni mfupi na hurudiwarudiwa, akauleta ule mfuko wake wa wakati. Mwanzoni walitaka iwe wiki nzima. Wakaona mambo ya siku saba yatamshinda mchezaji kuyakumbuka, wakapunguza hadi siku tatu. Majora's Mask ilitoka tarehe 27 Aprili 2000, miezi 17 tu baada ya mkubwa wake, mwezi mmoja na kitu baada ya PlayStation 2 kuingia madukani Japani, na ilihitaji kipande cha ziada cha kumbukumbu kipachikwe katika mashine. Iliuzwa kaseti zaidi ya milioni 3, yaani haikufika nusu ya mwenzake.

Kisa chake ni hiki. Juu ya mji wa Clock Town umening'inia mwezi wenye uso wa hasira, na baada ya siku tatu utauangukia. Siku hizo tatu, kwa saa za ukutani, ni kama saa moja tu. Ukipiga filimbi ya udongo wimbo wa kupunguza mwendo unapata zaidi ya saa mbili. Ukiona umechelewa, unapiga wimbo mwingine na kurudi alfajiri ya siku ya kwanza. Vinyago unabaki navyo, na nyimbo, na silaha kubwa. Lakini mishale, mabomu na fedha zilizo mkononi zinapotea, na watu wote uliowasaidia wanakutazama kama mgeni. (Benki ya mji huo ndiyo pekee isiyosahau. Inakulipa fedha ulizoweka kesho kutwa. Sijaona benki kama hiyo Muscat wala Unguja.)

Wakati huko haukungoji. Ukikaa barabarani bila kufanya kitu, tarishi atapita kwa saa yake, maseremala watagombana kwa saa yao, na kila mtu atakwenda kwenye kifo chake kwa ratiba yake, wewe uwepo usiwepo. Na vinyago vikubwa unavyovaa si vya mchezo: kimoja ni cha shujaa wa milimani aliyekwisha kufa, kingine cha mpiga gitaa wa baharini uliyemkuta anakata roho. Unavaa sura zao, na watu wao wanakupokea kwa furaha wakidhani wamerudi.

Mimi sikuupenda. Nilisema ni mchezo wa kumchosha mtu, kazi inayofutwa kila jioni, kama kuhesabu mizigo ghalani. Mpwa wangu akaniambia, "Mjomba, hujaona bado."

Kabla sijaona, simu ilikuja kutoka Unguja: mama anaumwa. Dada aliondoka kwa ndege ya kwanza aliyoipata. Mimi mkataba wangu ulibakiza wiki nne. Nikiondoka kabla ya siku yake, nauli na kiinua mgongo vimekwenda, na kwa fedha hizo wadogo zetu wawili walikuwa wakisoma. Nilipiga hesabu, kazi niliyoizoea, nikabaki.

Nyakati hizo baba yake alikuwa kazini usiku, kwa hiyo tulikuwa wawili tu sebuleni. Mtoto alikuwa katika kile kisa kirefu cha Anju na mchumba wake Kafei, ambacho mashabiki wa Zelda hukitaja kuliko kingine chochote cha mfululizo huo. Kafei amerogwa, amekuwa mtoto mdogo, na mwizi amemwibia kinyago cha harusi; kwa aibu amejificha. Anju anangoja. Kuwakutanisha kunakula siku zote tatu. Na katikati yake upo mtego ambao mchezo haukuambii. Usiku wa kwanza, baada ya saa sita, bibi kizee wa duka la mabomu anapita peke yake amebeba mfuko, na mwizi huyo huyo anamvamia. Unaweza kumkata mwizi upanga mmoja, bibi akapata mfuko wake na wewe ukapewa kinyago. Lakini ukimwokoa bibi, mwizi hatakwenda kuuza alichoiba, na siku ya tatu hatafika katika maficho yake, na Kafei hatakipata kinyago, na Anju atangoja bure mpaka mwezi uanguke. Ukitaka kuwaunganisha wale wawili, huna budi kumwacha bibi aibiwe.

Mtoto alilipata jambo hilo baada ya kushindwa mara mbili. Akaiweka pedi chini ya zulia kama kitu kilichomuunguza.

"Mjomba, huyu bibi kosa lake nini?"

Nilimwambia hana kosa, ila siku ni tatu. Nilimwambia amwache apite, asitazame upande ule. Akafanya hivyo, kwa siku tatu za mchezo hakusema neno. Saa kumi na nusu alfajiri ya siku ya mwisho, saa moja na nusu kabla ya mwezi kuanguka, Kafei aliingia mlangoni, bado ana umbo la mtoto, na Anju aliyekataa kukimbia na wenzake akainama kumkumbatia. Wakampa Link kinyago chao wakamwambia akimbie. Wao watabaki kuisubiri asubuhi pamoja. Kisha mtoto akapiga wimbo, na ikawa siku ya kwanza, na wale wawili hawakuwa wamekutana kamwe.

Mama alifariki wiki ya tatu. Dada alikuwapo. Nilipewa habari nikiwa nimekaa pale pale juu ya zulia, na mpwa wangu ndiye aliyepokea simu.

Ndipo nilipoacha kuusema vibaya ule mchezo. Ocarina of Time bado ni kazi nzuri zaidi kwa umbo: imepangika, ina upana, haina haraka. Lakini ilijengwa na watu waliokuwa na wakati, nayo inamwahidi mchezaji kwamba naye anao. Ile ya pili ilijengwa na watu waliobanwa na tarehe, wakaitia tarehe yenyewe ndani ya mchezo, na hawakudanganya juu ya bei yake.

Michezo yote miwili imetolewa upya baadaye kwa mashine ndogo ya Nintendo 3DS, wa kwanza mwaka 2011 na wa pili mwaka 2015. Mpwa wangu, ambaye sasa ni baba wa watoto wawili, hakuinunua. Anazo kaseti zile za awali. Mwaka jana nilipokuwa kwake alizitoa kabatini. Ocarina of Time iliwaka, lakini haikukumbuka kitu: kumbukumbu yake ilishikwa na betri ndogo iliyomo ndani ya kaseti, na betri imekufa. Majora's Mask kumbukumbu yake ni ya aina isiyohitaji betri. Faili lake lilikuwapo, na kando yake alama ya bundi.

Akanieleza. Baada ya kuwaunganisha Anju na Kafei, usiku mwingine, nikiwa nimekwisha kusafiri, alirudi siku ya kwanza akamkata yule mwizi, bibi akaenda zake na mfuko. Kisha akaenda kwenye sanamu ya bundi, ambayo humruhusu mchezaji asimamishe wakati na kuzima mashine, akaacha pale pale. Alama hiyo hufutika mara tu mtu anapoufungua mchezo na kuendelea.

Tuliitazama kidogo. Akazima, akairudisha kaseti kabatini.