Ritifaa ya Ng'wana

Mkoani Simiyu, kuanzia Binza hadi Bariadi, ritifaa (') haikosekani kwenye daftari la zahanati. Kwa Kisukuma ng'wana ni mtoto, na majina mengi yamejengwa juu ya neno hilo. Mwuguzi anayeandika kwa kalamu hasumbuliwi na kialama hicho. Kilipoingia kwenye kompyuta ndipo kikawa na kisa chake, na kisa hicho kinapita California, Oslo na Cape Town kabla ya kurudi Usukumani.

Tuanze na daftari. Miaka ya mwanzo ya 1990 Wizara ya Afya ilianzisha Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, ambao wahudumu huuita MTUHA. Vitabu vyake vilipewa namba: cha 5 kikawa cha wagonjwa wa nje, cha 6 cha wajawazito, cha 12 cha waliojifungua. Mwezi ukiisha, mwuguzi alihesabu mistari, akajaza jumla kwenye fomu, na fomu ikapelekwa wilayani. Bariadi na Maswa zilikuwa bado chini ya Mkoa wa Shinyanga, hivyo hesabu zilipitia huko kabla ya kufika Dar es Salaam. Aliyekosea kujumlisha huko zahanati, kosa lake lilisafiri pamoja na fomu.

Kitabu cha MTUHA ni jedwali: mistari ya watu, safu za habari zao. Mwaka 1970 Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi IBM huko San Jose, California, aliandika kwamba data zote za kompyuta zaweza kuwekwa kwa mtindo huo. Kila jambo likae kwenye jedwali lake, na majedwali yaunganishwe kwa namba zinazofanana. Kutokana na wazo hilo ilizaliwa SQL, lugha ya kuyauliza na kuyaamuru majedwali.

Huko Oslo, Kristen Nygaard na Ole-Johan Dahl walikuwa wameshika njia nyingine. Katika lugha yao ya Simula, iliyokomaa mwaka 1967, programu ilikuwa mkusanyiko wa vitu, kila kimoja kikijua sifa zake na kazi zake. Kwa mtazamo huo mama mjamzito ni kitu kimoja, naye amebeba mahudhurio yake ya kliniki. Kwa mtazamo wa Codd, mama huyo ni mstari mmoja katika jedwali moja, na mahudhurio yake manne ni mistari minne katika jedwali jingine.

Mitazamo hiyo miwili haikuelewana kwa urahisi. Kwa miaka mingi waandishi wa programu walitafsiri kwa mkono: wakivunja kitu kuwa mistari kila kinapohifadhiwa, wakiunga mistari kuwa kitu kila kinapohitajika. Mwaka 2001 Gavin King, Mwaustralia, alianzisha Hibernate, mkalimani wa kukaa kati ya vitu vya lugha ya Java na majedwali ya hifadhidata. Mwandishi alieleza mara moja tu kitu kipi kinalingana na jedwali lipi. Sentensi nyingi za SQL zikaandikwa na mkalimani.

Wakati huo kulikuwa na kazi nyingine iliyoanzia Cape Town mwaka 1994. Ubaguzi wa rangi uliiachia Afrika Kusini huduma za afya zilizogawanywa vipande, na kila kipande kilikuwa na takwimu zake. Jørn Braa wa Chuo Kikuu cha Oslo alishirikiana na wanaharakati wa afya wa huko kujenga programu ya kuzikusanya kwa ngazi ya wilaya. Ikaitwa DHIS, na toleo la kwanza lilitegemea Microsoft Access. Toleo la pili, DHIS2, liliandikwa Oslo kwa Java katikati ya miaka ya 2000, na mkalimani wake akawa Hibernate. Vitu vya Nygaard vikakutana na majedwali ya Codd katika mji uleule wa Nygaard.

Kenya iliieneza DHIS2 nchi nzima mwaka 2011. Tanzania, kwa kazi ya wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wizara, ilifika huko mwishoni mwa 2013. Simiyu ilikuwa changa bado, maana ilianzishwa mwaka 2012, sehemu yake kubwa ikimegwa kutoka Shinyanga. Kwenye makaratasi, mkoa mpya ni fomu mpya na vichwa vipya. Katika mfumo huu kila wilaya ni kitu chenye mzazi wake, na kwenye jedwali mzazi huyo ni namba moja tu. Ukibadili namba hiyo, wilaya inahama na zahanati zake zote.

Hapa ndipo ritifaa inapoingia. Katika SQL maneno ya kawaida huzungushiwa ritifaa, moja ya kufungua na moja ya kufunga. Programu ikiliunga jina la Ng'wana ndani ya sentensi bila uangalifu, hifadhidata inasoma «Ng», inaona ritifaa, inadhani jina limekwisha, kisha inayachukua mabaki kuwa amri. Kwa kuwa «wana» si amri, kazi inagoma. Mama hana kosa lolote, ila jina lake limefichua ufa. Mtu mwenye nia mbaya huweka ritifaa hiyohiyo kwa makusudi, na nyuma yake anaandika amri halisi: nionyeshe majina yote, au futa jedwali. Jeff Forristal alilieleza shambulio la aina hiyo katika jarida la Phrack mwezi Desemba 1998. Wataalamu huliita kudunga.

Mkalimani hukinga kwa sababu hupeleka amri peke yake na jina peke yake. Likishafika hivyo, jina hubaki jina, hata likijaa ritifaa. Lakini mwandishi aweza kumruka mkalimani, mara nyingi akitafuta kasi, na kuiandika SQL mwenyewe kwa kuunga vipande. Oktoba 2021 ulitangazwa udhaifu wa kudunga katika Tracker, sehemu ya DHIS2 inayofuatilia mtu mmoja mmoja. Matoleo kuanzia 2.32 hadi 2.36 yaliguswa. Ilimlazimu mshambuliaji awe na akaunti ya mfumo, na marekebisho yalitolewa. Waliobaki na kazi ni wasimamizi wa kila seva, ambao walipaswa kuyasakinisha.

Kwa jumla za mwezi, udhaifu kama huo ni hatari kwa takwimu. Kwa Tracker ni hatari kwa siri ya mgonjwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Tanzania Mei 2023, sasa inamdai anayetunza taarifa za watu azilinde.

Vitabu vya MTUHA havijatoweka. Jioni mwuguzi huvirudisha kabatini, akafunga, akaondoka na ufunguo. Kabati la pili, yaani hifadhidata, hana ufunguo wake. Limefungwa, au limeachwa wazi, na mwandishi wa programu siku ile alipoamua jina la Ng'wana lipite kwa mkalimani au liungwe kwa mkono.