Ujuzi wa Kukodi

Mwaka 1994 nilikuwa na gereji ndogo mjini Mbeya, kando ya barabara kuu iendayo Tunduma. Nilikuwa na mafundi watatu. Mmoja wao, kijana mwenye mkono mwepesi kuliko wenzake, alinijia jioni moja akiwa ameshanawa grisi, akasema, "Mzee, kuna mafunzo ya pampu za dizeli, miezi sita. Ukinilipia ada, nikirudi kazi hiyo nitaifanya hapa hapa. Tutaacha kupeleka pampu kwa watu."

Nilimwuliza ada ni kiasi gani, akanitajia. Nikacheka. Nikamwambia kwamba nikimsomesha ataniacha, na tena gereji si shule. Alijibu tu, "Haya, Mzee," akaenda zake. Haikupita miezi mitatu akahamia gereji ya ng'ambo ya barabara, ambako mwenyewe alikubali kumlipia. Mwaka uliofuata malori yaliyozoea kuegeshwa kwangu yakawa yanaegeshwa kule.

Nilimlaumu sana kijana yule, nikamwita mtovu wa shukrani. Siku moja kaka yangu, ambaye alifanya kazi ya reli tangu ujenzi wa TAZARA, alinikatiza. "Mdogo wangu, mwache mtoto wa watu. Wewe ulikataa kununua ujuzi, basi utakuwa unaukodi maisha yako yote." Neno hilo liliniuma, lakini ndilo lililonifanya nianze kuitazama upya historia ya reli zetu. Reli ni biashara kama biashara nyingine: ina mtaji, mitambo, wateja na wafanyakazi. Tofauti ni kwamba makosa ya mwenye gereji huonekana mtaani kwake tu, bali makosa ya reli huonekana nchi nzima.

Tuanze na ile iliyoitwa Reli ya Uganda. Waingereza walianza kuijenga Mombasa mwaka 1896, wakafika ukingoni mwa Ziwa Victoria, mahali tunapopaita Kisumu, mwezi Desemba 1901. Waliwahitaji waashi, maseremala, wahunzi, makarani na madereva wa garimoshi. Badala ya kuwafundisha wenyeji, waliwaleta watu kwa meli kutoka India, wengi wao wakitoka Punjab. Jumla yao walikuwa 31,983. Kati yao walikufa 2,493, na waliobaki Afrika Mashariki baada ya kazi walikuwa 6,724. Hao walivuja jasho kweli kweli, na wala si wao ninaowalaumu. Nawasema waliopanga kazi. Kwao ujuzi ulikuwa bidhaa ya kuagiza kutoka nje, kama vyuma vya reli vyenyewe; na Mwafrika akapewa sururu, beleshi na mzigo wa kichwani.

Huenda mtu akasema kwamba walikuwa na haraka, na kufundisha kunachukua muda. Ni kweli. Lakini haraka ya miaka mitano iligeuka desturi ya miaka sitini. Kazi za reli zikapangwa kwa ngazi ya rangi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini, na mishahara ikafuata ngazi hiyo hiyo. Shule za reli zilikuja baadaye, Nairobi na Tabora, nazo zilifanya kazi nzuri; lakini Mwafrika alikaa muda mrefu akijifunza kazi za chini tu, huku mlango wa uhandisi ukiwa umefungwa. Bendera ya Mwingereza iliposhushwa Tanganyika mwaka 1961, wahandisi Waafrika wa nchi hii walihesabika kwa vidole. Hapo ndipo tulipoiona gharama ya ujuzi wa kukodi: aliyekukodisha akitaka kuondoka, huondoka nao.

Sasa tuitazame reli ya pili. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru wao mwaka 1965, Zambia ilijikuta njia ya shaba yake inapita mikononi mwa wapinzani wake. Tanzania na Zambia ziliomba msaada wa kujenga reli ya kwenda Dar es Salaam, na mataifa ya Magharibi yakasema mradi huo hauna faida. China ikakubali. Mapatano yalitiwa saini Beijing mwezi Septemba 1967, mkopo ukawa yuan milioni 988 bila riba, na ujenzi ukaanza rasmi mwaka 1970. Reli hiyo ina urefu wa kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, na ina madaraja zaidi ya 300. Ilikabidhiwa rasmi kwa serikali hizo mbili mwezi Julai 1976. Wachina zaidi ya 60 walipoteza maisha katika kazi hiyo.

Mambo hayo wengi wanayajua. Lisilotajwa sana ni kwamba wakati vyuma vikitandikwa, watu nao walikuwa wakifundishwa. Mwaka 1972 vijana wapatao 200 kutoka Tanzania na Zambia walipelekwa kusoma mambo ya reli katika chuo kikuu mjini Beijing. Huko Mpika, Zambia, kikajengwa chuo cha reli. Na kazini kwenyewe mafundi wa Kichina walifundisha kwa mikono kwa sababu lugha haikuwepo. Kaka alinisimulia jinsi fundi mmoja alivyomshika mkono na kuuweka kwenye chuma cha kupimia upana wa njia, milimita 1,067. Njia ikiwa sawa, fundi anatikisa kichwa kukubali. Ikiwa imepotoka hata kidogo, anang'oa misumari na kazi inaanza upya, jua likiwaka au mvua ikinyesha. "Alijua ataondoka," kaka alisema, "na mimi ndiye nitakayebaki na treni la watu."

Maneno hayo niliyatafakari siku nyingi. Mwalimu yule alifundisha kwa sababu alijua ataondoka. Mimi nilikataa kufundisha kwa sababu niliogopa kuachwa. Lakini ukipima vizuri, hofu yangu ilikuwa imekaa upande usiofaa. Katika biashara yoyote watu huondoka: wengine hustaafu, wengine huugua, wengine hufa, na wengine hupata pazuri zaidi. Swali ni kama wanaobaki wanajua kazi.

Nisije nikamdanganya msomaji kwamba TAZARA ilifanikiwa kwa kuwa ilifundisha. Reli hiyo ilikusudiwa kubeba tani milioni mbili kwa mwaka, na haikuzifikia hata katika miaka yake mizuri. Sababu zilikuwa nyingi: mafuriko, uchache wa injini na vipuri, ukosefu wa fedha, ushindani wa malori, na baadaye kufunguka kwa njia za kusini. Lakini lipo pia suala la watu. Wataalamu wa Kichina walipopunguzwa baada ya makabidhiano, pengo lilionekana upesi, hata mnamo 1983 ikabidi warudi wengine kusaidia uongozi na ufundi. Wale 200 wa Beijing walikuwa mbegu njema, ila mbegu haipandwi mara moja ikatosha kwa vizazi. Fedha zilipokauka, mafunzo nayo yalidhoofika, na wazee walipostaafu waliondoka na mambo mengi ambayo hakuna aliyeyaandika. Katika mwaka wa fedha 2014/15 mizigo ilishuka chini ya tani 100,000. Mwaka 2024 Tanzania, Zambia na China zilitia saini makubaliano ya kuifufua. Ninaombea kheri, nikitumaini kwamba safari hii bajeti ya kufundisha haitakuwa ya mwaka mmoja.

Somo ninalolipata ni hili. Gharama ya kufundisha huonekana, kwa sababu ina risiti. Gharama ya kutojua haina risiti. Hujificha chini ya majina mengine. Huitwa "injini mbovu," "mteja msumbufu," "siku mbaya," "vijana wa siku hizi." Mwenye biashara akiangalia daftari lake huona ada aliyolipa, lakini haoni lori lililopita mlangoni kwake bila kusimama. Ndiyo maana ni rahisi kukata fedha za mafunzo kuliko kukata kitu kingine chochote: siku ya kwanza hakuna anayelalamika.

Mwaka ule ule wa 1994 Bunge letu lilipitisha sheria iliyounda VETA, na waajiri wakawa wanatozwa fedha za kuendeleza ufundi stadi. Tulinung'unika, mimi nikiwa wa kwanza. Leo naona kwamba sheria ilikuwa inatulazimisha kufanya jambo ambalo tulipaswa kulifanya kwa hiari, kwa faida yetu wenyewe.

Mwaka 1996 niliwalipia ada vijana wawili. Mmoja aliondoka baada ya miaka miwili, akaenda Zambia. Sikufurahi, lakini kwa miaka hiyo miwili pampu za wateja wangu hazikutoka nje ya gereji. Mwingine alibaki, akawafundisha wengine watatu bila mimi kutoa hata senti, na nilipochoka mwaka 2011 ndiye niliyemkabidhi funguo. Gereji ingali ipo.

Kaka amekwisha tangulia mbele ya haki. Mimi bado ninalo daftari langu la mwaka 1994. Kwenye safu ya matumizi hakuna ada ya mafunzo hata shilingi moja, na chini yake, kwa mwandiko wangu mwenyewe, nimeandika: "Tumeokoa."